Mtoto Akiumizwa Hospitalini: Baba na Mama Wafanye Nini?



Katika ukurasa huu tumekwisha kuongea juu ya fedha, wakwe, ulevi, na malezi ya vijana. Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi hulinyamazia. Ni pale mnapompeleka mtoto hospitalini apone ugonjwa mmoja, naye anarudi nyumbani na ulemavu ambao hakwenda nao, kwa sababu aliyemhudumia alikosea. Siongei kwa kusikia. Jambo hili lilitupata mimi na mke wangu, nalo nusura livunje nyumba yetu.

Ilikuwa Aprili mwaka 2016, wakati wa mvua ndefu. Kitinda mimba wetu alikuwa na mwaka 1 na miezi 4, na alikuwa ametembea kwa miezi miwili tu. Alishikwa na homa kali na kutapika. Mimi nilikuwa katika semina ya makatekista, kwa hiyo Mama Watoto alimfunga mgongoni akampeleka hospitali ya serikali iliyo karibu nasi. Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi mmoja alikuwa akiwahudumia watoto wote peke yake. Alimdunga kijana wetu sindano kalioni. Mtoto akapiga yowe lisilo la kawaida, na mke wangu akauona mguu ukirushwa kama umeguswa na moto.

Kesho yake homa ilishuka, tukamshukuru Mungu. Lakini tulipomsimamisha, mguu wa kulia haukumshika. Unyayo ulining'inia, na alipojaribu kutembea aliuburuta.

Tulimrudisha. Pale hospitalini walichukua choo chake mara mbili, maana nchini kwetu kila mtoto aliye chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kinalegea ghafla lazima apimwe kama ana polio. Haikuwa polio. Daktari wa hospitali kubwa ndiye aliyetueleza: ndani ya kalio unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni, na sindano iliugusa. Kwa mtoto mdogo kalio halina nyama nyingi, kwa hiyo mshipa huo uko karibu sana na sindano. Ndiyo sababu wataalamu hushauri kwamba sindano ya msuli kwa mtoto mdogo idungwe kwenye paja, upande wa mbele kuelekea nje.

Siku ile ndani ya matatu, tukirudi nyumbani, nilimwambia mke wangu maneno ambayo ningetoa ng'ombe wangu wote niyarudishe kinywani. Nilisema, "Lakini wewe ndiwe uliyemshika wakati anadungwa."

Hakujibu. Alimfunika mtoto vizuri na leso, akatazama dirishani mpaka tukafika.

Wapendwa, baada ya neno hilo tuliishi miezi mingi kama wapangaji wawili katika nyumba moja. Mimi nilizidisha kazi za parokia nisikae nyumbani. Yeye aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayedungwa sindano tena, na kijana akakosa chanjo ya pili ya surua aliyotakiwa kupata akiwa na miezi 18. Mama yangu mzazi alisema mtoto amerogwa, akamleta mkandaji. Kila mtu alikuwa akivuta upande wake, na mtoto katikati akiburuta mguu.

Kutokana na makosa yetu, nawaletea mafundisho haya.

1. Mtoto kwanza, mengine baadaye

Hasira hutaka kwenda mbio kumtafuta mkosaji. Lakini mguu wa mtoto haungoji hasira yenu imalizike. Jambo la kwanza ni kumfikisha kwa mtaalamu mwingine na kuuliza: ni nini kilichoumia, na ni nini kinachoweza kufanywa sasa?

Katika shida kama yetu, daktari alituambia kwamba mshipa wa fahamu ulioumia huweza kuota tena, lakini polepole sana, kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kalioni mpaka unyayoni ni safari ya miezi mingi. Wakati wote huo unyayo lazima unyooshwe kwa mazoezi kila siku, na mtoto avae kifaa cha plastiki cha kuushikilia usikakamae ukiwa umeinama. Pia mtoto huangaliwa tena katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Ikiwa hakuna dalili ya kupona, daktari wa upasuaji anaamua kama afungue auangalie mshipa. Ukipita muda mrefu mno, nafasi hiyo hupungua. Baadaye bado kuna upasuaji wa kuhamisha kano ili kuinua unyayo.

Sisi tulipoteza karibu miezi 3 kabla ya kuanza mazoezi. Si kwamba hayakuwako. Mimi nilikuwa nikisema, "Mpeleke wewe," naye akisema, "Mimi nilimpeleka mara ya kwanza, sasa ni zamu yako." Kumbe mtoto ndiye aliyelipa gharama ya ubishi wetu.

Kuhusu mkandaji, mwambieni nyanya kwa heshima kwamba mguu uliolegea hivi haukandwi kwa nguvu mpaka mtaalamu auone. Na chanjo msiziache. Makosa ya sindano moja hayafanyi sindano zote kuwa adui. Mama anaweza kusema kwa upole kabisa, "Nesi, tafadhali mdunge kwenye paja," au kuuliza kama dawa hiyo ipo ya kunywa. Hilo si kumkosea mtu adabu. Ni kazi ya mzazi.

2. Msigeuziane kidole

Tangu mwanzo ndivyo tulivyo. Baba yetu Adamu alipoulizwa juu ya lile tunda, alimwonyeshea mkewe kidole. Mzazi mwenye uchungu humtafuta wa kubeba lawama, na aliye karibu zaidi ni yule mnayelala naye kitanda kimoja. Muuguzi yuko mbali, daktari mkuu ana mlinzi mlangoni, bali mke au mume yuko hapo mezani.

Tena mume na mke hawalii sawasawa. Mwingine hulia kwa machozi, mwingine kwa kunyamaza, mwingine kwa kufanya kazi mpaka usiku. Mke wangu aliponiona nikitoka kila jioni alidhani sijali. Nami nilipomwona akiamka usiku kuugusa mguu wa mtoto, nilidhani ananilaumu. Kumbe sote tulikuwa tukiumwa na kidonda kimoja.

Usiku mmoja, karibu mwaka mzima umepita, nilianza tena kuuliza siku ile ilikuwaje. Alinikatiza kwa sauti ya chini. "Baba, lile swali lako najiuliza mwenyewe kila usiku. Sihitaji wewe uniulize tena."

Nilikaa kimya kwa muda. Kisha nikamwambia, "Mama, nimekukosea. Ulimpeleka mtoto hospitalini kwa sababu alikuwa mgonjwa. Hata mimi ningemshika vilevile." Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Basi, baba na mama, semeni neno hilo mapema. Msingoje mwaka. Mzazi aliyempeleka mtoto kwa nia njema na kumwamini aliyesomea kazi hiyo hakutenda kosa. Na kama kweli kuna jambo mmoja wenu angelifanya vizuri zaidi, liongeeni mara moja, msameheane, mlizike. Msilifukue kila mnapogombana juu ya chumvi.

Jamaa na majirani nao waelezwe. Rafiki za Ayubu walifanya vyema siku zile 7 za kwanza walipokaa naye chini kimya. Walikosea walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi. Anayekuja kwenu kusema mtoto amerogwa, au kwamba Mungu anawaadhibu, mshukuruni kwa kuwatembelea, kisha mumpe chai aongee juu ya mahindi.

3. Ulizeni mwambiwe ukweli, na mwandike

Kwanza tujue jambo moja. Si kila matokeo mabaya ni kosa la mtu. Kuna upasuaji na dawa ambazo, hata zikifanywa ipasavyo, huwa na hatari yake. Kuna pia kosa la kweli: dawa isiyo yake, kipimo kilichozidi, sindano mahali pasipofaa, mtoto kuachwa bila kuangaliwa. Hamwezi kujua ni lipi kabla ya kuuliza. Kwa hiyo msianze kwa matusi, wala msimkunje muuguzi shati.

Nendeni wawili kwa mkuu wa hospitali, mume na mke, na ikiwezekana mtu mmoja mtulivu wa Jumuiya yenu. Ulizeni maswali matatu: Ni nini kilichotokea? Mnamfanyia nini mtoto wetu sasa? Na mtafanya nini ili jambo hili lisimpate mtoto wa mwingine?

Chukueni daftari la shule la kawaida. Andikeni tarehe, saa, jina la dawa kama mlivyoambiwa, mahali alipodungwa, nani alikuwapo, mtoto alikuwaje kabla na baadaye. Andikeni siku ileile, maana uchungu hufuta kumbukumbu. Wekeni kitabu cha kliniki, risiti, karatasi za vipimo, na picha za kiungo kilichoumia. Ombeni nakala ya karatasi za matibabu kwa barua, nanyi mbaki na nakala ya barua yenu iliyopigwa muhuri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zilizo kwa mtu mwingine ikiwa anazihitaji kulinda haki yake.

Mkipewa bahasha ya fedha kimyakimya na karatasi ya kutia sahihi, msitie. Semeni, "Tutaisoma nyumbani." Kisha mwonyesheni wakili.

4. Jueni mahali pa kulalamikia, na jueni muda

Wengi wetu mashambani tunadhani kumlalamikia daktari ni kama kulalamikia mvua. Sivyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliyokuja baada ya shida yetu, inampa kila mtu haki ya kutoa malalamiko juu ya jinsi alivyotendewa katika kituo cha afya, na malalamiko hayo yachunguzwe.

Anzeni na hospitali yenyewe. Msiporidhika, nendeni kwa idara ya afya ya kaunti. Tena kila kazi ina baraza lake. Malalamiko juu ya daktari, au juu ya hospitali yenyewe, hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Yale ya muuguzi hupelekwa kwa Baraza la Wauguzi. Yale ya ofisa wa kliniki hupelekwa kwa Baraza la Maofisa wa Kliniki. Baraza laweza kumchunguza na kumwadhibu mhusika. Kama mnataka fidia ya matunzo ya mtoto, njia nyingine ni mahakama.

Hapa sikilizeni vizuri. Mahakama ina muda wake. Kesi ya uzembe kwa kawaida yatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Lakini ikiwa anayeshtakiwa ni Serikali, muda ni miezi 12 tu. Kwa mtoto sheria inaweza kuangalia mambo kwa njia nyingine, lakini msilitegemee hilo kabla ya kumwuliza wakili. Asiye na uwezo aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Sisi tulifika kwa wakili miezi 16 baada ya ile sindano. Alisoma daftari letu, akavua miwani, akatuambia kwamba muda wa kuishtaki Serikali ulikuwa umepita na njia iliyobaki ilikuwa nyembamba na ya gharama kubwa. Akauliza, "Mlikuwa wapi mwaka wote huu?" Mke wangu alinitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tukigombana, lakini hatukuwa na uso wa kumwambia hivyo.

Kwa hiyo tulibaki na njia ya kuongea na hospitali, na namshukuru Mungu kwamba hapo tulisikilizwa. Walikubali kwamba sindano haikudungwa mahali pake. Walilipia kifaa cha mguu na nauli ya mazoezi kwa mwaka mmoja. Ilikuwa kidogo kuliko haki ya mtoto, lakini ilitusaidia.

5. Kusamehe si kunyamaza

Baadhi ya Wakristo wenzetu walitushutumu. "Katekista anawezaje kumshitaki mtu? Si asamehe tu?" Nami niliwahi kufikiri hivyo. Sasa naona ni mambo mawili tofauti. Kusamehe ni kuacha kumtakia mwenzako mabaya. Kunyamaza ni kuliacha shimo wazi njiani ili mtoto wa jirani naye atumbukie. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukasema ukweli mbele ya mkuu wake. Hata fidia si kisasi, ikiwa ni ya viatu, matibabu, na shule ya mtoto aliyeumizwa.

Yule muuguzi alikuwapo katika mkutano wa mwisho. Alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyomchora moyoni. Alisema siku ile alikuwa amefanya kazi tangu usiku bila kupokewa. Alisema anakumbuka lile yowe. Kisha akamwomba mke wangu msamaha. Mke wangu hakumkumbatia kama inavyokuwa katika michezo ya kuigiza. Alimwambia, "Nimesikia. Niombee niweze." Ilimchukua miezi mingine kabla ya kuweza kumsalimu sokoni. Msamaha wa namna hiyo nao ni wa kweli, na mume asimharakishe mke wala mke asimharakishe mume.

Baadaye tulipokwenda kliniki tuliona picha imebandikwa ukutani katika chumba cha sindano. Ilikuwa ya mtoto mchanga, na paja lake limewekwa alama ya mahali pa kudunga. Mke wangu aliigusa kwa kidole, akatoka nje.

6. Mleeni mtoto, msilee kosa

Kijana wetu mguu ulipona kiasi. Anachechemea, na akichoka unyayo huanguka. Anacheza mpira akiwa golikipa, na ana mdomo mrefu kama watoto wengine. Kwa muda tulimlea kama yai. Ndugu zake walichota maji na kuchanja kuni, yeye akakaa. Mwalimu mmoja akatuambia wazi kwamba tunamwongezea mtoto kilema cha pili. Tangu hapo ana kazi zake: kuku ni wake, na vyombo vya Jumamosi ni vyake.

Ikiwa mtoto wenu amebaki na ulemavu, mwandikisheni katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nendeni katika kituo cha tathmini ya elimu, EARC, mjue shule itamsaidiaje. Ulizeni pia chama cha APDK, ambacho kimewahudumia walemavu wa viungo nchini tangu mwaka 1958. Mtoto akiuliza, "Mguu wangu ulifanya nini?" mwambieni ukweli kwa maneno ya umri wake: "Ulipokuwa mdogo uliugua, nesi akakosea kudunga sindano, mshipa ukaumia. Si kosa lako, wala la mama." Sisi husema hivyo, na mimi ndiye ninayesema lile neno la mwisho.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke

Jioni moja wiki hii, watoto wakiisha kulala, kaeni mjibu maswali haya.

- Jambo baya likitokea nyumbani kwetu, kidole changu huelekea kwa nani kwanza?
- Je, kuna neno nililokuambia siku ya uchungu ambalo bado linakuuma?
- Tunajua kitabu cha kliniki cha kila mtoto kiko wapi, na chanjo zipi zimebaki?
- Katika Jumuiya yetu kuna wazazi waliopatwa na jambo kama hili? Tunaweza kuwasaidia nini wiki hii: nauli, kumwangalia mtoto siku moja, au kwenda nao hospitalini?

Wanandoa wapendwa, siku ya ndoa tuliahidi kuwa pamoja katika afya na katika ugonjwa. Tulidhani ni ugonjwa wetu wawili. Kumbe hata wa watoto umo, na hata ule uliosababishwa na mkono wa mtu mwingine. Mtoto aliyeumizwa anahitaji baba na mama walioshikana. Kama mna neno la kuombana msamaha, ombaneni leo kabla taa haijazimwa.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.